Kito cha Pete ya Uchumba

Kijana mmoja aliyelelewa katika usharika wetu, ambaye sasa anafanya kazi Marekani, ameniletea waraka wa kuniuliza neno ambalo kwanza lilinichekesha, hata nilipolifikiri zaidi nikaona si la kuchekwa. Ataka kumvika mchumba wake pete. Huko akaako desturi ni pete yenye almasi, na yule binti amesema apenda almasi iliyochongwa kwa namna iitwayo mkato wa zumaridi. Sonara amemwekea mezani mawe matatu. La kwanza ni kubwa, nalo lina doa katikati. Bei yake yapita akiba ya kijana, walakini ataruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu. La pili ni dogo, safi, na fedha aliyo nayo inalitosha. La tatu ni kubwa tena safi, na bei yake ni ndogo kuliko yote, kwa kuwa halikuchimbwa ardhini bali lilikuzwa maabarani. Aniuliza, Je, lipi ni la haki? Hakuuliza lipi ni zuri. Ndiyo maana nimeona vema kumjibu mbele yenu, kwa ruhusa yake.

Kwanza yatupasa kulijua jiwe lenyewe. Mkato huu ulifanywa kwa ajili ya zumaridi, lile jiwe la kijani ambalo mara nyingi lina nyufa ndani na humeguka upesi. Wakata vito waliona ya kuwa pembe kali ndizo zivunjikazo. Basi wakazipunguza pembe zote nne, na kandokando wakachonga ngazi ndefu zishukazo sambamba. Baadaye almasi nazo zikachongwa vivyo hivyo. Sasa, almasi ya mviringo iliyochongwa kwa namna ya kawaida ina nyuso ndogo 57 au 58, nazo huivunja nuru kuwa cheche nyingi, hata jicho halipati mahali pa kutua. Ile ya mkato wa zumaridi haifanyi hivyo. Juu ina uso mmoja mpana, uitwao meza, na ukitazama ndani ni kama kusimama mlangoni pa ukumbi mrefu wenye vioo: mistari ya weupe na giza, imetulia. Kwa hiyo kila kilichomo huonekana. Doa ambalo katika jiwe la mviringo lingepotea kati ya cheche, hapa hukaa chini ya meza kama mdudu ndani ya bilauri ya maji. Hata umanjano kidogo huonekana upesi zaidi. Ndiyo sababu wenye kuijua kazi hii humshauri mnunuzi wa mkato huu apunguze ukubwa ili apate usafi.

Najua wako watakaotaka niseme hapa kwamba na aichague ile yenye doa, kwa kuwa sisi sote tuna mawaa. Mahubiri ya namna hiyo ni rahisi kuyatunga, nami sitayatunga. Jiwe ni jiwe. Doa lililotajwa na kuonyeshwa si aibu ya mtu yeyote.

Lakini kijana avutwa na lile kubwa, nami namwelewa. Aogopa rafiki za mchumba wake watakapomshika mkono na kuutazama. Yafaa ajiulize hofu hiyo imetoka wapi. Husimuliwa kwamba mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy pete yenye almasi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wakuu. Almasi hazikuwa nyingi sokoni mpaka zilipogunduliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1860, na mwaka 1888 ikaundwa kampuni ya De Beers, ambayo kwa miaka mingi ilishika sehemu kubwa ya biashara hiyo duniani. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo katika kampuni ya N. W. Ayer, aliwatungia De Beers yale maneno yasemayo kwamba almasi ni ya milele. Tena katika miaka ya 1980 matangazo yao yaliwafundisha Wamarekani kuwa mshahara wa miezi miwili ndio kipimo cha pete. Basi kipimo hiki hakikutoka kwa wazee, wala kwa Kanisa, wala kwa yule binti. Amekiweka mwenye kuuza.

Hapa ndipo penye uzito, nami nakaa hapa kidogo. Harusi yao imekusudiwa mwakani. Deni la miaka mitatu halitakwisha kabla ya harusi; litaingia nao nyumbani. Maana yake mke atalipa sehemu ya zawadi yake mwenyewe, kwa kupungukiwa unga na kodi ya nyumba, wala hakuulizwa. Kwetu kishika uchumba hupelekwa mbele ya watu wa pande zote mbili, nao hukitazama na kukijadili. Si rahisi kuficha kilikotoka. Pete iliyofungwa katika kijisanduku haina mashahidi hao. Hivyo yampasa mtoaji mwenyewe awe shahidi, aseme.

Na juu ya ukubwa, na akumbuke jiwe la Mwadui kwetu Shinyanga. John Williamson, Mkanada aliyeugundua mgodi ule mwaka 1940, alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947, mwaka wa harusi yake. Ilikuwa na karati 54.5. Baada ya kuchongwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ikawa vumbi na vipande, na mkata vito hakuonekana kuwa mharibifu.

Limebaki lile la maabarani. Wazee kadha wa kadha niliowauliza walilikataa mara moja, wakasema ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nasema mithali hiyo hapa haifai. Mkakasi una nje yake na ndani yake. Jiwe hili ni almasi nje na ndani, kaboni tupu kama ile ya mgodini. Kampuni ya General Electric ilizifanya almasi mwaka 1954 huko Schenectady, chembe ndogo za kazi za viwanda, na leo hufanywa za vito ambazo jicho tupu haliwezi kuzibagua; vyombo maalumu vyaweza. Wala kuchimbwa peke yake hakulifanyi jiwe kuwa safi: mpango wa Kimberley ulianzishwa mwaka 2003 kwa sababu almasi zilikuwa zikinunua silaha katika vita vya Sierra Leone na Angola. Ni kweli bei za almasi za maabara zimeshuka sana, na anunuaye asitumaini kuuza kwa bei aliyonunulia. Lakini uongo haumo ndani ya jiwe. Utaingia siku ile mchumba atakapodhani limetoka ardhini, na mwenzake akanyamaza.

Kwa hiyo nimemwandikia kwamba la pili na la tatu yote mawili ni ya haki, kama binti ajua apewacho; na la kwanza nimemkataza, si kwa ajili ya doa.

Waraka wake wa pili umefika juzi. Asema amemweleza mchumba wake habari zote, na deni alilokuwa akilifikiri pia. Binti alinyamaza kutwa nzima. Jioni akauliza kama sonara atakubali lile dogo litolewe nje ya duka, alitazame penye jua. Watakwenda Jumamosi.