Likizo ya Muscat

Hapa mtaani Pipeline, Nairobi, ghorofa zimebanana hivi kwamba jirani akikaanga vitunguu, wewe ndiye unayepiga chafya. Mtu wa huku akifika Muscat, lazima ashangae: nyumba fupi, nyeupe, zimejengwa kwa masharti ya manispaa, na mbingu unaiona yote. Jioni nilitembea Mutrah kando ya bahari, nikanywa kahawa kwa tende, sina haraka na mtu. Sokoni mzee wa kanzu akanijibu kwa Kiunguja kilichonyooka, Kiswahili changu cha Eastlands kikaona haya. Familia nyingi kama yake zilihamia Oman kutoka Zanzibar na kwingineko baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita.

Ila mchana joto linakufungia ndani, na bila gari huendi popote.

Ufukweni nikakutana na dada wa kwetu akisukuma kigari cha mtoto wa mwajiri. “Pipeline maji yanatoka siku hizi?” Nikamwambia bado ni mitungi. Akacheka mno. Nilipomuuliza siku yake ya mapumziko ni ipi, akaniuliza ndege yangu ni lini.