Mwiko Una Maana Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza, hukaa kwenye benchi nje ya mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko letu, nikingoja zamu ya debe langu. Benchi hilo nimelikalia tangu kijana anayeiendesha mashine hajazaliwa. Karibu kila anayeshusha gunia husema maneno yaleyale: "Koboa kwanza, mwanangu, nataka sembe." Basi mahindi hukobolewa, ganda likatoka na kiini kikatoka, unga ukashuka mweupe kama chokaa. Pumba hubaki kwenye gunia pembeni. Jioni hupita mfugaji akazinunua, akawapelekea kuku wake, na kuku hao manyoya yao yanang'aa kama wamepakwa mafuta. Wiki haijaisha, nakutana na yuleyule aliyekoboa akitoka dukani na kikopo cha unga wa majani wa kumlainishia choo, alichokilipia bei ya debe zima la mahindi.

Simcheki kwa ubaya. Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, na kabla ya hapo nilisimama nyuma ya bibi yangu jikoni, kwa hiyo nimewatazama watu wakila kwa muda mrefu kuliko nilivyowatazama wakifanya jambo lingine lolote. Nimeona msimu wa kitunguu saumu kibichi alfajiri. Nimeona msimu wa mlonge, wa alovera, wa maji ya limau, wa mbegu za chia. Mwaka 2011 niliona nchi ikipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha shilingi 500, na sikumlaumu hata mmoja, maana mfa maji haachi kutapatapa. Misimu hupita, ila swali ni lile moja: "Bibi, nile nini ili niishi sana?" Kila mtu anataka kujua aongeze nini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza aishie wapi.

Na Kiswahili chetu kilikuwa na jibu muda wote, limening'inia ukutani jikoni. Kile tunachosongea ugali tunakiita mwiko. Na lile jambo ambalo mtu amejikataza tunaliita mwiko. Neno moja linapakua, na neno hilohilo linazuia. Wanangu, sisi tumeshika maana ya kwanza kwa mikono miwili, ya pili tumeiacha kwa wazee.

Niwape kisa cha mbali kidogo, maana tumbo halina taifa. Alikuwapo bwana mmoja wa Venice, Alvise Cornaro, tajiri aliyeishi Padua katika karne ya 16. Ujana wake aliumalizia mezani, akila na kunywa kama kesho haiji. Alipokuwa kati ya miaka 35 na 40, mwili ulileta hesabu: tumbo linauma, homa haiishi, miguu inavimba kwa jongo. Waganga walijaribu dawa zao zote, mwishowe wakamwambia ukweli mtupu: kula kwa kiasi, au jiandae kwa safari. Akaamua kuishi. Akajipangia kipimo cha kutwa nzima: mkate, kiini cha yai, nyama kidogo na supu, vyote pamoja wakia 12, na divai wakia 14. Katika kujichunguza akagundua kwamba ule usemi wa kwao, kuwa kinachoupendeza ulimi hulifaa na tumbo, ulikuwa uongo uliomgharimu nusu ya maisha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mzima.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaweza kuwa imetokea nyumbani kwenu Jumapili iliyopita. Alipozeeka, ndugu na rafiki zake walimzunguka wakamwambia, baba, umezidi kujinyima, mzee anahitaji nguvu, ongeza kidogo. Akakataa. Wakasihi tena. Mwisho, kwa kutotaka kuwavunja moyo, akaongeza wakia 2 za chakula na 2 za divai. Siku ya 10 alikuwa amekuwa mkali na mwenye huzuni, hajipendi wala hapendi mtu. Siku ya 12 ubavu ukamshika, kisha homa ya siku 35, wote wakamkatia tamaa. Akarudi kwenye kipimo chake, akapona. Nani aliyemwangusha? Hakuwa adui. Ni watu waliompenda, waliokuja na upawa mkononi. Nami nawajua watu hao. Ndio sisi, tunaomwambia mgeni "mbona hujala kitu?" na kabla hajajibu tumeshampakulia mara ya tatu.

Kitabu chake juu ya maisha ya kiasi kilichapwa Padua mwaka 1558, na tangu hapo hakijaacha kusomwa. Mzee huyo alijigamba kuwa anakaribia miaka 100. Walioichunguza rekodi baadaye wanaelekea kuamini alizaliwa karibu mwaka 1484, na kwa kuwa alifariki mwaka 1566, basi alipata kama miaka 82. Kujiongezea umri ni udhaifu wa wazee wengi, tumsamehe. Hata hiyo 82, katika karne ile, na baada ya ujana ule, ilikuwa zawadi kubwa. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Friedrich Nietzsche, hakumsamehe. Alisema Cornaro aligeuza jambo kichwa chini miguu juu: hakuishi sana kwa kula kidogo, bali mwili wake ulikuwa wa namna isiyohitaji kingi, na angekula zaidi angeugua. Neno hilo lina uzito na silitupi. Kipimo cha mwenzako si chako. Mchukuzi wa magunia akila wakia 12 ataangukia njiani. Ila Nietzsche na Cornaro wanakutana mahali pamoja: kila tumbo lina kipimo chake, na mwenye tumbo ndiye anayepaswa kukijua. Hekima ya bwana yule haikuwa katika zile wakia 12. Ilikuwa katika kusikia mwili ukisema basi, na kuusadiki.

Jambo hili ni la kale sana. Wagiriki walikuwa na neno diaita, na walimaanisha mwenendo mzima wa maisha, chakula kikiwa sehemu yake tu. Waganga wa ulimwengu wa Kiislamu walilipokea wakalitanua. Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad wa karne ya 11, alipanga kitabu kizima cha kulinda afya juu ya mambo sita: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, kinachotoka mwilini na kinachobaki, na hali ya moyo. Elimu hiyo ya Wagiriki na Waarabu ilifika hadi pwani yetu. Mabibi wa Lamu na Mombasa wanaposema chakula hiki ni cha joto na kile ni cha baridi, kwa hiyo vipatanishwe, wamebeba mwisho wa kamba ndefu. Misikitini nako tumefundishwa tangu utotoni kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Fungu la pumzi, wanangu. Hilo ndilo tunalolijaza pilau.

Lakini kiasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile pumba kwenye gunia, nayo ilisomwa hapahapa kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala. Kila mmoja kwa njia yake alishangazwa na magonjwa ambayo hakuyaona. Yale yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama kuziba kwa mishipa ya moyo, mawe ya nyongo, kidole tumbo na kufunga choo, kwa wanakijiji wa Uganda yalikuwa nadra. Burkitt akaandika barua kwa hospitali za vijijini katika nchi nyingi akiuliza mnaona nini, hamwoni nini. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa heshima hulionea haya: akapima kinyesi. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilisafiri tumboni kwa takriban saa 36 na kutoka kwa wingi na ulaini. Cha baadhi ya Waingereza kilichukua zaidi ya saa 80. Tofauti waliiona kwenye sahani: huku matoke, viazi vitamu, maharage, wimbi na mahindi yasiyokobolewa, kule mkate mweupe na sukari. Mwaka 1975 wawili hao walitoa kitabu, na dunia ikaanza kuzungumzia nyuzinyuzi, yaani lile ganda tunalowapa kuku.

Sitaki mnielewe vibaya mkadhani zamani ilikuwa peponi. Trowell huyohuyo alitumia miaka mingi akipambana na kwashiakoo, akiwatazama watoto wetu wakivimba na nywele zikipauka, kwa sababu waliachishwa ziwa wakapewa uji mtupu. Njaa haina hekima yoyote ya kumfundisha mtoto. Aliyekulia njaa akipata sukari ataimimina, akipata mafuta ataogelea, na ninamwelewa kabisa, kwa kuwa hata nyumbani kwetu sembe nyeupe ilikuwa alama kwamba mambo yameanza kunyooka. Tulichokosea ni hiki: tulipopata uwezo wa kuongeza, tuliongeza kila kitu, na palepale tukatoa kile kilichokuwa kikitulinda. Leo kliniki za kisukari na za presha zina benchi refu kuliko la mashineni, na ninawakuta huko wanafunzi wangu, watu wa miaka 45, wameshika kadi.

Mkitaka kuona mwisho wa njia hii, tazameni Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Noguni Sokan aliwaletea mbegu ya viazi vitamu kutoka China mwaka 1605, na kwa vizazi vingi viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chao kikuu, pamoja na mboga, soya na samaki. Wazee wao wana msemo wanaoutaja kabla ya kula, hara hachi bu, maana yake tumbo lijae sehemu nane kati ya kumi. Walisifika duniani kwa kuishi miaka mingi. Baada ya vita vya 1945 zikaja kambi za Wamarekani, nyama za makopo, vya kukaanga, na magari ya kuwatoa watu kwenye miguu yao. Hesabu ya mwaka 2000 ilipotoka, wanaume wa Okinawa walikuwa wameporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya nchi yao. Msemo walikuwa nao. Viazi walikuwa navyo. Kizazi kimoja tu kilitosha.

Sasa mtaniuliza, bibi, tufanye nini? Si mengi. Siwaambii mle kwa mizani kama mzee wa Padua, wala sikatazi pilau ya Idi au nyama ya Krismasi. Sikukuu ni sikukuu, na chakula kisicho na furaha nacho hakimfikishi mtu mbali. Mimi mwenyewe napenda vitumbua vya moto na chai ya tangawizi, na ninavila. Ila navila Ijumaa. Tatizo letu ni kwamba tumeifanya kila siku Idi, kisha tukaenda kutafuta dawa ya Idi.

Pakua mara moja, funika sufuria. Ngoja, zungumza na watoto, kunywa maji. Ukiona bado una njaa, utajua. Acha wakati ulimi bado unaomba, kwa sababu tumbo huchelewa kuleta habari, na ulimi ni mdeni asiyeshiba kukopa. Kunde, mchicha, tembele, kisamvu, dagaa: vipo sokoni, na vingi havizidi bei ya soda. Mgeni akisema ameshiba, msadiki. Hiyo nayo ni heshima.

Na habari ya unga. Najua kwa nini mnakoboa. Dona, yaani unga usiokobolewa, haikai: kile kiini kina mafuta, kikisagwa na kuwekwa muda mrefu unga unachacha. Basi saga kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili. Na kabla ya kusaga, mwaga mahindi kwenye ungo, uyachambue, yenye ukungu na yaliyooza uyatupe, maana sumukuvu haina mchezo na hupenda kukaa palepale kwenye ganda. Ni kazi ya nusu saa. Mkae na watoto kwenye mkeka mkiifanya, wajifunze kipi cha kutupa na kipi cha kubakiza. Hilo ndilo somo lote nililokuwa nikilifundisha miaka ile, hata nilipodhani nafundisha kupika.

Jumamosi nitakuwa pale benchini, Mungu akipenda. Zamu yako ikifika, kijana atanyoosha mkono kwenye mashine ya kukoboa kwa mazoea, bila hata kukuuliza. Mshike bega taratibu. Mwambie: "Mwanangu, langu saga hivyohivyo." Kuku wa yule mfugaji watapata chakula kingine.