Gauguin aliacha kazi, Mette akalipa

Kila mtu wa miaka arobaini na kitu akiandika barua ya kuacha kazi ili akazunguke dunia, hakosi wa kumtajia Paul Gauguin. Dalali wa hisa pale Paris, kipato kizuri, mke, watoto watano. Halafu huyo, kaenda zake Tahiti kuchora. Hadithi tamu, ila imepigwa pasi mno.

Soko la hisa la Paris liliporomoka mwaka 1882. Gauguin aliachana na udalali mwaka uliofuata, kazi yenyewe ikiwa imeshaanza kwenda mrama. Yaani jahazi aliloruka lilikuwa linavuja. Mimi hilo linanifanya nimwelewe zaidi. Hata kwenye vyumba vya habari, wengi wanaoaga kwamba wanafuata ndoto zao huwa wameshanusa harufu ya kupunguzwa.

Mkewe, Mette, alirudi kwao Copenhagen, akawa anafundisha Kifaransa na kufanya tafsiri ili watoto wale. Mume akamfuata, akashindwa kutulia, mwaka 1885 akarudi Paris. Mwaka 1891 akapanda meli ya Tahiti.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alimtumia Gauguin, tena akimbadilisha kidogo, kwenye insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili. Anasema siku ya kuondoka hakuna anayeweza kujua kama uamuzi ni sahihi, hata mwenyewe hajui. Akifaulu kuwa mchoraji mkubwa, atakuwa na cha kujitetea. Akigundulika hana kipaji, basi aliwaacha wanawe bure. Williams anakiri kwamba hata akifaulu, walioumizwa bado wana haki ya kulalamika.

Nami nakwama hapohapo kwenye haki ya kulalamika. “Je, nitafanikiwa?” ni swali la mcheza kamari. Watu wa nyumbani wana lao: dau ni la nani? Kwetu swali hili lina makali zaidi, maana mshahara mmoja unabeba ada ya mdogo wako, dawa za mama, na shemeji anayetafuta kazi tangu juzi. Hata asiye na mke wala mtoto ana ukoo mzima mgongoni.

Sisemi watu wabaki ofisini mpaka wazeeke. Wazee wakisema usiache mbachao kwa msala upitao, wanasahau kwamba mbacha nao huoza, na baba anayerudi kila jioni na uso wa msiba naye ni gharama. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuitisha kikao na kutuma taarifa. Anayekaa na wenzake akasema tutapungukiwa hiki kwa muda huu, mnaonaje, anaweza kukataliwa. Wengi hukwepa kikao kwa sababu hiyohiyo.

Na gharama haikuishia Copenhagen. Huko Tahiti, koloni la Ufaransa, Gauguin alijichukulia Teha’amana awe mkewe, binti wa miaka kama 13. Uhuru aliouendea baharini ulikuwa umeegemea watu wasioulizwa chochote.

Januari 1897 binti yake Aline alifariki akiwa na miaka 19. Habari zilimfikia baba kwa barua. Mwishoni mwa mwaka huo akaanza picha yake kubwa kuliko zote, karibu mita nne kwa upana, ambayo leo iko kwenye makumbusho ya Boston. Yeye alifia visiwa vya Marquesas mwaka 1903. Mette, ambaye hakumwona tena tangu mwaka ule wa meli, aliishi hadi 1920.