Mbu, nyoka na kunguru wa uani: Tuwaondoe, lakini kwa adabu ya dini

 

Ndugu Waislamu, mvua za masika zikishika katika miji yetu ya pwani, bustani ndogo za nyuma ya nyumba hupendeza. Mchicha na matembele hustawi, mpapai huzaa, mgomba hutoa mkungu. Lakini hustawi pia viumbe ambao hatukuwapanda. Mbu na usubi hawampi mtu nafasi ya kukaa barazani baada ya Magharibi. Siafu hupita kwa maelfu. Kunguru huvizia vifaranga, komba hushuka usiku kula mapapai, panya huchimba, na nyoka huwafuata panya.

Jibu la wengi wetu ni moja: ua! Hutafutwa fimbo, mafuta ya taa, kiberiti na dawa ya kwenye chupa isiyo na jina. Ni wachache wanaosimama kwanza wakajiuliza: dini yangu inasema nini juu ya jambo hili? Tumezoea kuuliza hukumu za sala, saumu, ndoa na mirathi. Ya uani tunadhani ni ya duniani tu. Sivyo. Uislamu haukuacha jambo bila ya kulielekeza, hata namna ya kumuua nge.

Ni umma kama sisi

Katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah (SW) anatufahamisha kuwa hakuna mnyama atembeaye ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila hao nao ni umma mfano wetu, na kwamba kwa Mola wao watakusanywa. Katika Suratul Baqara, aya ya 26, ametueleza kuwa Yeye haoni haya kupiga mfano hata kwa mbu. Na katika Suratun Naml tunamsoma chungu akiwahadharisha wenzake wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Sulayman (AS) bila ya wao kujua. Sulayman, pamoja na ufalme wake wote, alitabasamu kwa kauli ya kiumbe yule mdogo, akamshukuru Mola wake.

Aidha, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (RA) kuwa Mtume (SAW) amefundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi hiyo ni sadaka kwake. Zingatia, ndugu yangu. Papai lililoliwa na komba usiku unaliona ni hasara, kumbe katika daftari lako limeandikwa sadaka. Haina maana kuwa usizuie shamba lako. Weka wavu, funga gunia kwenye tunda, chuma mapema. Lakini lililokwisha kuliwa usilifanye sababu ya kumtegea mnyama sumu.

Kuua kumeruhusiwa

Pamoja na hayo, dini yetu si dini ya kumuacha binadamu adhurike. Katika Hadithi ya Bibi Aisha (RA) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametaja viumbe watano wanaouawa hata ndani ya eneo tukufu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mshambuliaji. Katika upokezi mwingine wa Muslim ametajwa nyoka. Na aliyemo ndani ya sala ameruhusiwa kumuua nyoka na nge, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi.

Mbu hakutajwa hapo, lakini wanavyuoni wamefahamu kuwa kila chenye kudhuru kwa tabia yake huondolewa. Na hakuna kiumbe kinachotudhuru kama mbu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, wengi wao mno wakiwa Afrika, na kati ya hao wa Afrika takriban robo tatu ni watoto wa chini ya miaka mitano. Jiji la Dar es Salaam nalo halijasahau homa ya dengue ya mwaka 2014 na ya mwaka 2019. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria. Kwa hiyo anayesema mbu naye ni umma tumuache hajaifahamu aya. Mwanao analala bila chandarua, nawe unamhurumia mbu?

Lakini kuna mipaka

Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (RA) aliyoipokea Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Allah amewajibisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Basi kinachouawa kiuawe upesi.

Hebu tuangalie yanayofanyika mitaani. Panya ananaswa kwenye karatasi ya gundi, analia usiku kucha, asubuhi anatupwa jalalani angali hai. Huo ndio wema tulioamrishwa? Mtego wa kuua mara moja upo, na bei yake si kubwa. Ukilazimika kutumia gundi, basi amka ummalize.

Jambo la pili ni moto. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Masud (RA) kuwa walikuwa safarini, baadhi yao wakachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akawa anapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (SAW) akataka kujua ni nani aliyemsikitisha ndege huyo kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Kisha akaona kijiji cha chungu kimechomwa moto, akawaambia kuwa haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Na katika Bukhari na Muslim kipo kisa cha Nabii mmoja katika Manabii waliotangulia aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji chote kichomwe. Allah akamlaumu kwa kuwa ni chungu mmoja tu aliyemuuma, naye ameangamiza umma unaomsabihi Mola wake.

Ikiwa Nabii alilaumiwa, sisi ni nani? Lakini siafu wakionekana uani, jambo la kwanza ni mafuta ya taa na kiberiti. Kundi la nyuki likitua kwenye mwembe, vijana wanafunga matambara kwenye mti mrefu na kuyawasha. Nyuki, ambaye Sura nzima imeitwa kwa jina lake! Ibn Abbas (RA) amepokea katazo la Mtume (SAW) la kuua viumbe wanne: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Mwite mrina asali aje awahamishe. Siafu nao ni wapita njia, mara nyingi huondoka wenyewe baada ya kusafisha mende. Toa watoto na kuku, mwaga majivu mlangoni, wasubiri wapite. Wakidhuru na ikawa hapana njia nyingine, wanavyuoni wamejuzisha kuwaua, lakini si kwa moto.

Huulizwa pia kuhusu raketi za umeme za kuulia mbu. Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, ni miongoni mwa waliojibu kuwa vifaa vya umeme vya kuulia wadudu havina ubaya, kwa kuwa kinachoua ni mshtuko wa umeme na si moto.

Mjusi, nyoka na bundi

Wapo wanaouliza kuhusu yule tunayemwita mjusi kafiri. Hadithi ya kumuua ni sahihi, imo katika Muslim, nasi hatuipingi. Lakini tuisome yote. Thawabu nyingi zimewekwa kwa anayeua kwa pigo la kwanza, zikapungua kwa la pili na la tatu. Wanaomkata mkia kwanza wamcheke akihangaika wamechukua nusu ya Hadithi.

Ama nyoka wa nyumbani, Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (RA) kisa cha kijana wa Madina, bwana harusi mpya, aliyemchoma nyoka mkuki ndani ya nyumba yake, na haikujulikana nani alikufa mwanzo, nyoka au kijana. Hapo Mtume (SAW) akaelekeza kuwa nyoka wa majumbani waonywe siku tatu kwanza, kwani huenda wakawa ni majini. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama hukumu hiyo ni ya Madina pekee au ya kila mji. Lakini koboko au fira anapokuvamia wewe au mwanao, kulinda nafsi kunatangulia. Na ukiweza, waondoe watu mahali hapo umwite mwenye ujuzi, kwani wengi huumwa wakati wa kumpiga nyoka aliyekuwa anakwenda zake.

Bundi naye ana kesi nzito zaidi, kwa sababu yeye huuawa kwa itikadi. Akilia juu ya paa, watu wanasema kuna mtu atakufa, au ametumwa na jirani. Mawe yanarushwa, na jirani mzee anaanza kutazamwa vibaya. Mtume (SAW) amekwisha kuikanusha itikadi ya mikosi na akaikanusha waziwazi itikadi ya Waarabu wa kijahilia juu ya bundi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Ajali iko mkononi mwa Allah, si kooni mwa ndege. Bundi huyo kaja kula panya waliokushinda. Umemuua mlinzi wako, na tauhidi yako umeitia doa.

Nani kawaleta?

Sasa tufike kwenye shina la tatizo. Katika Suratur Rum, aya ya 41, Allah (SW) anatueleza kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa taka. Taka zikabaki, kunguru wakaongezeka, wakavuka hadi bara. Wanaishi kwa majalala yetu. Hata ukiua mia, madhali jalala liko wazi, watakuja mia wengine.

Mbu ni vivyo hivyo. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua siku saba hadi kumi hivi. Maana yake mbu anayekuuma leo huenda amezaliwa wiki hii katika kifuu cha nazi, tairi bovu, kopo au kisahani cha chungu cha maua uani kwako. Mbu wa dengue huuma mchana na hupenda maji masafi ya vyombo vya nyumbani. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi kadhaa na bado yakaangua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe pia. Ukifanya hivyo kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga kwa ajili ya sala, umekata kizazi kizima. Ama yule inzi wa kuuma anayetesa ng'ombe wa uani, huzaliana katika samadi iliyochanganyika na majani yaliyooza. Zoa samadi, ianike, ipeleke kwenye matuta.

Makunduchi, Unguja, ni ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya shimo vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zikafunika uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Watu nao wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na maambukizi ya matende na mabusha yakashuka. Moto haukutumika. Walifunika mazalio.

Mtume (SAW) alikwisha kutuelekeza tufunike vyombo na tufunge viriba usiku. Lakini tazama misikiti yetu mingi! Mapipa ya maji ya udhu yako wazi, mitungi mibovu imetupwa nyuma ya mihrabu, mtaro wa udhu umeziba na maji yametuama wiki nzima. Waumini wanapigwa na mbu katika sala ya Isha, imamu anaomba dua ya kuondolewa maradhi, na mazalio yako hatua kumi kutoka kwenye mimbari. Kamati za misikiti ziko wapi?

Haki ya jirani

Mbu hajui ukuta wa mtu. Maji yanayotuama kwako yanamuuguza mtoto wa jirani. Mtume (SAW) amekataza kudhuru na kudhuriana, na Jibril (AS) alimuusia jirani mpaka akadhani atamrithisha. Vivyo hivyo sumu. Dawa za panya na mende zinauzwa na wachuuzi wenye vipaza sauti, nyingine hazina lebo. Unatega nyama yenye sumu, anakula paka wa jirani, au kuku, au mtoto. Nunua dawa iliyosajiliwa, soma maelekezo, fungia mbali na watoto. Na wewe unayepulizia mchicha jioni ukauuza alfajiri bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa, jua kuwa unamlisha Muislamu mwenzako sumu na kuchukua pesa zake. Hiyo ni ghushi, na mwenye kughushi Mtume (SAW) amejitenga naye.

Ndugu Waislamu, mwanamke mmoja aliingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula, na mtu mwingine alisamehewa kwa mbwa mwenye kiu aliyemnywesha. Hadithi zote mbili ni sahihi. Basi tusidharau hesabu ya uani. Tufunike, tufagie, tuzibe, tulale ndani ya chandarua. Cha kuua tukiue kwa pigo moja, na kisichodhuru tukiache kimsabihi Mola wake.

Tunamuomba Allah (SW) atuepushe na maradhi, atutie huruma nyoyoni na atujaalie kuwa katika wanaosikia kauli wakafuata iliyo njema.

Wabillahi Tawfiiq.