Ubao Wenye Omo

Je, ni busara kuwa na kitu kinachoweza kwenda pande zote, au kitu chenye mbele na nyuma? Swali hili limenikuta katika jambo ambalo wengi wataliona dogo: kununua ubao wa kaiti.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, kaiti ni tiara kubwa ya kujazwa hewa. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliiombea hataza aina hii mwaka 1984. Unaifunga kwenye mkanda mpana wa kiunoni, unasimama juu ya ubao, na upepo unakuvuta. Mimi nafundisha mchezo huu Paje, kusini mashariki mwa Unguja, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi. Nina shahada ya uhasibu ambayo bado haijanipa ajira, na akiba yangu inatosha ubao mmoja tu.

Mbao ni za aina mbili kuu. Ubao wa kwanza ncha zake zinafanana, una mikanda ya kuingizia miguu, na unaweza kwenda kulia au kushoto bila kuhamisha unyayo. Ndio tunaofundishia, na ndio unaoonekana zaidi pwani. Ubao wa pili una omo na tezi, kama chombo chochote cha baharini: mbele umechongoka na kupinda juu kidogo, nyuma una mapezi matatu au manne marefu. Mara nyingi hauna mikanda. Ukitaka kurudi ulikotoka, huna budi kuugeuza wote, kisha ubadilishane miguu juu yake huku unakwenda.

Kwenye maji tulivu, ubao wa ncha mbili ni raha tupu. Lakini Paje haitulii siku nzima. Maji yakipwa, mwamba huyazuia mawimbi nje na ndani hubaki shwari. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mawimbi huvuka mwamba na upepo huichafua bahari yote. Hapo ubao bapa hupiga kila kiwimbi, na magoti ndiyo yanayohesabu. Ubao wenye omo hupanda juu ya viwimbi badala ya kuvigonga. Mapezi yake hushika maji, kwa hiyo unaweza kwenda joshi bila kuulaza sana na kujirushia maji usoni. Na likija wimbi la kweli, unateremka nalo na kaiti inapumzika.

Hata hivyo, kuuchagua kunataka kupima. Omo iliyopinda sana inafaa mawimbi yaliyosimama, lakini inakupunguzia mwendo kwenye maji ya kawaida. Iliyonyooka sana ina kasi, ila huzama wimbi likiinuka ghafla. Ujazo mkubwa hukubeba upepo ukipungua, lakini kwenye bahari iliyochafuka ubao huo huruka kama kizibo.

Nilipouliza ushauri, wenzangu karibu wote waliniambia ninunue wa ncha mbili. Utafundishia, utaazimisha, utauuza kwa urahisi. Usijifunge. Neno hilo nimelisikia tangu chuoni. Soma hiki lakini shika na kile, ajira hii isikuzuie kutafuta nyingine. Wazee wetu nao wana jibu lao tayari: njia mbili zilimshinda fisi. Kijana achague moja aende.

Nimezitazama mbao zote mbili kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zimekosea jambo moja. Ubao wa ncha mbili unabadili nini unapogeuka? Unabadili omo. Lakini ukingo wa upande wa visigino, ule unaouegemea kupingana na upepo, kwa kawaida ni uleule kwenda na kurudi. Ubao wenye omo hufanya kinyume chake. Omo inabaki omo, ila ubavu uliokuwa unaukabili upepo sasa umeupa mgongo, na mguu uliokuwa mbele umekwenda nyuma.

Mabaharia wameyajua haya kabla ya kaiti. Mtumbwi wa tanga wa visiwa vya Marshall, huko Pasifiki, una gogo moja tu la pembeni, nalo lazima likae upande wa upepo daima. Kwa hiyo wakitaka kugeuka huhamisha tanga kutoka ncha moja hadi nyingine, na omo inakuwa tezi. Jahazi letu halibadili omo; linachobadili ni upande wa tanga, na mabaharia hulizungusha foromali kwenye mlingoti kwa kazi ngumu. Vyombo vyote viwili vimefika mbali. Kila kimoja kina kitu kinachogeuka na kitu kisichogeuka.

Basi swali la kumuuliza mtu ni hili: nini kwake hakigeuki? Namjua kijana aliyebadili kazi mara nne kwa mwaka, dereva, mpishi, mlinzi, kisha mkalimani wa wageni, ili mdogo wake amalize sekondari. Jamaa zake wanasema hana msimamo. Mimi naona ukingo mmoja ambao haujawahi kuupa upepo mgongo. Wapo pia watu wenye cheo kimoja kwa miaka 20, mbele yao inajulikana na kila mtu, na kila upepo ukibadilika wanabadilishana miguu kimyakimya. Wao tunawaita watu wa msimamo. Asiye na akiba mara nyingi hana uwezo wa kushika omo moja. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu kwa umaskini.

Lakini kitu kisichogeuka hakichaguliwi na mtu peke yake, kwa sababu maji si yake peke yake. Pale Paje, ndani ya mwamba, kuna mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bamvua ikipwa wanashuka na kamba zao, wanafunga miche kwenye vigingi, mgongo umeinama kwa saa nyingi. Mapezi mafupi ya ubao wa ncha mbili yanaweza kupita kwenye maji ya magotini, hata juu ya kamba hizo, na mpitaji asijue ameacha nini nyuma. Ubao wenye mapezi marefu hauwezi. Lazima usubiri maji yajae au uende nje zaidi.

Sisemi kwamba pezi refu humfanya mtu mwema. Mwenye ubao wowote anaweza kulizunguka shamba la mwenzake, na mwenye ubao wowote anaweza kulivuruga. Lakini kifaa kinachopita popote humzoesha mtu kuona kwamba popote ni pake. Hilo ndilo linalonitisha zaidi katika ule ushauri wa kutojifunga.

Nimechagua ubao wenye omo, uliotumika, wa futi 5 na inchi 8, mapezi matatu, omo iliyopinda kiasi. Wa kufundishia nitaendelea kutumia wa shule, na huo nitaupitisha mbali na vigingi. Shahada yangu naendelea kuitafutia kazi, na ikipatikana mjini nitahama bila kuona nimejisaliti. Wangu wa kulea nitaendelea kuwalea nikiwa kokote. Na maji yakipwa, ubao wangu utakaa mchangani, kwa sababu saa hizo bahari ina wenye kazi yao.