Mtoto Kama Amana: Huruma, Haki na Wajibu wa Kupanga

Swali la kwamba mtoto ni wa nani halikuanzia mahakamani. Miongoni mwa Wakikuyu wa Nyeri na miji jirani ya Mlima Kenya, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa kuwa anayezaliwa ni wa ukoo kabla ya kuwa wa wazazi wawili. Nao Ukristo ulioenezwa na misheni za Tumutumu na Mathari ulimwona mtoto kuwa amana ya Mungu, yaani kitu anachokabidhiwa mtu akitunze pasipo kukimiliki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, hivyo sehemu ya amana hiyo ikaangukia ofisi.

Je, ofisi yaweza kubeba wajibu wa kimaadili? Mwanafalsafa Immanuel Kant alitofautisha wajibu kamili, usiomwachia mtu hiari, na wajibu usio kamili, kama vile ukarimu, ambao mtendaji hujiamulia amtendee nani na kwa kiasi gani. Mtoto anayelala juu ya gunia chini ya meza ya viazi katika soko la Karatina, huku mamake akijaza debe la mteja, huwatia huruma wapita njia wengi, lakini huruma hiyo, kama wajibu usio kamili, huondoka nao; ofisi iliyokabidhiwa amana haina hiari hiyo, na wajibu wake huonekana katika mpango wake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, hairuhusu fedha za umma kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti; kwa hiyo hitaji lisiloingia katika mpango halina fungu. Mtoto aliyezaliwa Nyeri mwaka 2023, mpango wa miaka mitano wa 2023–2027 ulipoanza, atafikisha miaka 4, umri wa kuingia chekechea, mpango huo ukikaribia kwisha, na ule utakaofuata, hata ukiwa bora kiasi gani, hautamrudishia miaka iliyompita.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinapoagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, basi kupanga kwenyewe ni tendo la haki. Aliyekabidhiwa amana haulizwi nia yake, bali huulizwa amana iko wapi. Na jibu la kaunti halina budi kuwa chumba chenye mlezi, uji na kitanda, karibu na meza ile ya viazi.