Thamani ya Wimbo Uliokataliwa

Mnamo Septemba 1992, Radiohead, vijana watano wa Oxfordshire nchini Uingereza, walitoa wimbo wao "Creep", na BBC Radio 1, ikiona kwamba huzuni yake imepita kiasi, ikaacha kuutangaza, hata santuri zikauzwa elfu chache tu. Lakini Yoav Kutner, mtangazaji wa redio wa Israeli, aliurudiarudia mpaka ukapendwa huko. Stesheni moja ya San Francisco nayo ikaushika. Na ulipotolewa tena Uingereza mwaka 1993 ukapanda hadi nafasi ya 7.

Je, uzuri wake ulikuwamo siku ulipokataliwa, au ulizaliwa na sifa za watu? Wako wenye hekima wasemao kwamba kazi ya sanaa haina thamani ila ile inayopewa na wasikilizaji. Siwezi kukubali. Kabla ya kiitikio, Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa Radiohead, ambaye upole wa wimbo haukumridhisha, analikwaruza gitaa lake kwa ghadhabu, na mtu aliyetulia hushtuka. Mikwaruzo hiyo ilikuwamo katika santuri ya kwanza, dhahiri kwa kila mwenye masikio. Kutner aliisikia wakati ambapo hapakuwa na sifa ya kumwongoza.

Natija yake ni nzito, nami naikiri: ikiwa thamani i katika dhati ya kitu, basi ziko nyimbo njema zisizojaaliwa mtangazaji wa namna hiyo, na wema wake, ijapokuwa hapana aujuaye, haujapungua hata chembe.